Majaruba Matatu Yenye Njaa

Zuhura alinipigia simu asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu Iringa mjini, nimekaa jikoni nachambua maharage. Sauti yake sikuijua. Akasema yeye ni mtoto wa Mama Zuhura wa kule Usangu, akanyamaza kidogo ili nipate kukumbuka, kana kwamba ningeweza kusahau. Kisha akasema mama amefariki alfajiri, watamzika baada ya adhuhuri, na namba yangu ameipata kwa bwana shamba. "Alisema akifa uambiwe," akasema. "Hakusema uje. Alisema uambiwe." Nilimpa pole, nikaagana naye, nikaendelea na maharage yangu mpaka nilipogundua kwamba natupa mazuri na kubakiza mabovu. Hapo nikanawa mikono, nikatafuta kanga mbili safi na kutoka.

Kazi yangu ya maisha imekuwa udongo. Nimestaafu sasa, lakini bado wakulima huniletea udongo wa mashamba yao kwenye vikopo vya rangi, wakitaka niunuse na kuwaambia una nini. Vijana wakiniuliza nilianzia wapi, huwajibu kwamba nilianzia maabara ya Mbeya, kisha nikaenda Igowole kufanya kazi na wakulima wa maharage. Katikati ya maabara na Igowole pana mwaka mmoja ambao sijawahi kuutaja. Si kwamba niliusahau. Ni kwamba kila nilipoufikia nilikuta pana mtu amekaa ndani yake ananitazama, na mimi sina la kumwambia. Siku hiyo, kwa kuwa alikuwa hayupo tena wa kunitazama, ndipo nikaanza kuukumbuka wote, chumba kwa chumba na sahani kwa sahani. Woga wangu ndivyo ulivyo. Haupotei, ila husubiri watu waondoke.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na stashahada ya kilimo, na kituo kimoja cha utafiti cha Mbeya kilikuwa kimenipa mkataba wa mwaka mmoja. Nikifanya vizuri nitaajiriwa, nikivurunda nitarudi nyumbani. Bosi wangu, Daktari Lusajo, alikuwa mtu mcheshi, mwenye maneno mengi na methali nyingi zaidi, na alikuwa na ndoto moja tu: bakteria. Hewa tunayovuta, alikuwa akitueleza, imejaa naitrojeni, chakula ambacho mpunga unakililia, ila mpunga wenyewe hauwezi kukichota hewani. Wapo bakteria wa kwenye matope wanaoweza. Wanakaa kuzunguka mizizi, wanaichukua ile naitrojeni na kuigeuza kuwa kitu ambacho mmea unaweza kukitumia. Daktari alikuwa amewakusanya bakteria hao, akawazalisha maabara, akawachanganya na unga mweusi wa mboji na kuwafunga kwenye pakiti. Alitaka kujua kama mkulima wa Usangu anaweza kuwapanda pamoja na mpunga wake, apunguze kununua mbolea ya urea. Mimi ndiye niliyepelekwa na pakiti zile, pamoja na rula, madaftari sita na mabuti ya mvua yaliyonizidi mguu.

Majaruba yangu yalikuwa tisa, madogo, kila moja na kingo zake za tope. Matatu nilipanda miche iliyochovywa mizizi kwenye uji wa ule unga mweusi. Matatu nilipanda miche ya kawaida, nikayapa urea. Matatu ya mwisho, yaliyokuwa karibu na njia, sikuyapa kitu chochote. Hayo ndiyo yaliyokuwa roho ya kazi nzima, kwa sababu bila kuwa na jaruba lenye njaa huwezi kujua lile lililoshiba limeshibishwa na nini. Nalieleza hivi leo kwa urahisi, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyaelewa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo linaloniuma.

Nilipangishiwa chumba kwa Mama Zuhura, mjane aliyekuwa akilima mpunga wake ng'ambo ya mfereji. Wakati ule nilimwona mzee. Nikipiga hesabu naona alikuwa mdogo kuliko mimi wa leo. Mtoto wake wa pekee alikuwa ameolewa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, akiuza chakula huko, na alikuwa harudi ila kwa nadra. Nusu ya chumba changu ilijaa magunia ya mpunga, na mimi nililala kwenye nusu iliyobaki, kitanda kikiwa kimebanwa ukutani. Dirisha lilikuwa dogo, limezibwa kwa kipande cha gunia. Nimekulia kwenye baridi na ukungu, na kule joto lilinikaba. Sikuwa na rafiki wala redio. Simu hazikuwepo. Mchana nilikuwa peke yangu kwenye majaruba nikipima urefu wa majani, jioni nilikuwa peke yangu na daftari. Zipo siku nilihesabu maneno niliyosema tangu asubuhi nikakuta hayafiki kumi, na mengi ya hayo nilikuwa nimeuambia mpunga.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo mazungumzo ya sebuleni yalinikuta kitandani bila kualikwa. Aliyekuja kila jioni alikuwa jirani yetu Mama Atu, Mnyakyusa wa Kyela aliyefuata mume na mashamba Usangu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. "Huyu mtoto wa watu," nilimsikia siku moja, "toka asubuhi anapima majani na rula. Na rula, mama! Mchumba hana akampime?"

"Mwache," akajibu Mama Zuhura. "Anatafuta wadudu wake."

"Wadudu gani?"

"Hawaonekani."

"Aah. Basi kazi anayo."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka na mto wangu mdomoni wasinisikie. Usiniulize kwa nini kicheko kile kilinifariji. Nadhani ni kwa sababu kusengenywa nako ni dalili kwamba mtu upo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Zuhura alinipa jembe siku ya pili. Aliniamsha kabla jua halijapanda, akaniambia, "Edina mwanangu, hapa hatuli kwa macho," tukaenda kuziba kingo za jaruba lake zilizobomoka. Tangu siku hiyo nikawa wa nyumba ile. Tulikula kwenye sinia moja, sakafuni, wali na kambale wa kukausha aliyepikwa kwa nyanya na bamia, na alikuwa na tabia ya kusukuma minofu upande wangu kwa kidole huku akitazama kwingine. Nikichelewa kurudi alikuja mpaka kwenye mfereji kuniita. Yeye alikuwa muumini wa msikiti wa pale, mimi Mkatoliki, na Jumapili alinikumbusha misa kwa ukali kuliko paroko. Namsifu sasa, lakini wakati ule niliyapokea yote hayo kama mtu anayepokea haki yake. Upweke ulikuwa umenifanya mchoyo. Nilichota kwake kila siku na sikumwuliza hata mara moja yeye jioni anamuwaza nani.

Mpunga ulipofika magotini, yale majaruba matatu ya njiani yakaanza kuwa manjano. Lilikuwa jambo la kunifurahisha, kwani ya bakteria yalikuwa ya kijani, si sana kama ya urea, lakini kijani cha kuonekana kwa macho. Niliandika yote kwenye daftari. Kumbe wenzangu walikuwa wanaona kitu kingine. Waliopita njiani waliona mpunga unaokufa. Kule shamba ni uso wa mtu, na jaruba la manjano kando ya njia ni sawa na mtoto wako kuonekana sokoni na nguo iliyochanika. Jioni moja Mama Zuhura aliniuliza, sinia likiwa katikati yetu, "Yale matatu ya njiani mbona hujayapa kitu?"

"Ndivyo tulivyoambiwa," nikajibu.

Alisubiri kidogo. Alikuwa ameacha kula ili asikilize. Mimi nikaendelea kumega wali. Yapo majibu niliyokuwa nayo, nilikuwa nayo daftari zima, lakini nilijiambia kimoyomoyo kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mwanamke aliyekuwa amelima mpunga tangu utoto, aliyejua kwa kuliona tu tope kama limeiva kwa kupandwa, mimi mwenye mabuti makubwa nilimwona hawezi kuelewa. Ilikuwa dharau, na sina neno jingine la kuliweka hapo.

Kisha malaria ikaniangusha. Gari la kituo lilinichukua kwenda Mbeya, nikalazwa, na nilipotoka nikakaa kwenye chumba cha mtumishi mwenzangu aliyekuwa kazini mchana kutwa. Wiki tatu nzima nilitazama mlima kupitia dirishani na kusikiliza majirani nisiowajua wakipika. Nilitamani nyumba ya Mama Zuhura mpaka nikaona aibu. Niliporudi, sikuingia hata ndani. Nilishuka njiani na mfuko wangu mkononi, nikaenda moja kwa moja kuyaona majaruba.

Yale matatu ya njiani yalikuwa ya kijani. Kijani kizito, cha kung'aa, kuliko yote tisa.

Mama Zuhura aliniona kwa mbali, akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena usoni pake. "Wanao hawa walikuwa wanakufa njaa," akasema. "Watu wanapita wanacheka, nikasema, mtoto wa watu yuko hospitali, akirudi atakuta aibu? Nimewapa chakula." Alikuwa amenyunyiza urea. Na mbolea ile, niliielewa baadaye nilipoona mpunga wake ng'ambo ya mfereji umefifia, aliitoa kwenye fungu alilonunua kwa ajili ya shamba lake mwenyewe. Nilikaa kwenye kingo nikalia. Msimu mzima ulikuwa umekwenda, na ajira yangu nayo. Akanishika bega akisema, "Basi, mwanangu, basi, huna haja ya kunishukuru hivyo." Alidhani nalia kwa shukrani. Sikumwambia. Hata hapo, ambapo bado ningeweza kumketisha na kumweleza pole pole, sikumwambia.

Nilimwandikia Daktari Lusajo. Siku ya wakulima ilikuwa imeshapangwa, watu wa kijiji na viongozi wao walishaalikwa kwenye ghala la mpunga, kwa hiyo alikuja mapema siku hiyohiyo, akayatazama majaruba, akavua miwani. Halafu akaniuliza swali moja. "Huyu mama ulimweleza kwamba yale matatu hayatakiwi kuguswa?"

Lilikuwa swali la haki. Kama sikumweleza, kosa lilikuwa langu na mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Kama nilimweleza, mimi sina kosa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimweleza."

Ghala lilijaa. Mama Zuhura alikaa mbele kabisa, kwenye mkeka, amevaa kanga zake mpya, kwa sababu alikuwa mwenyeji wangu na aliona siku ile ni yake pia. Daktari aliwaeleza watu bakteria ni nini, na kwa nini safari hii hatuna majibu ya kuwapa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kulisema kwa mzaha ili lisiume. "Mwenyeji wa binti yetu alielezwa vizuri," akasema, "lakini alikuwa na huruma kuliko utaalamu. Sasa wazee wetu walisemaje? Mkaidi hafaidi..." na ghala zima likamalizia kwa sauti, "...mpaka siku ya Idi," kisha vikafuata vicheko. Cha Mama Atu nilikitambua.

Mama Zuhura aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Daktari, nimeshika daftari, na palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya mtu kusema, "Samahani, sikumweleza." Nikatazama daftari. Naye akageuka mbele tena, akakunja mikono mapajani. Ningeweza kujidanganya kwamba hakuelewa. Alielewa. Angesema hakuelezwa, angekuwa amenifanya muongo mbele ya bosi wangu na mbele ya kijiji, na mimi nilikuwa nalala chini ya paa lake. Kwake yeye mtu hamwumbui anayelala kwake. Akalibeba.

Jioni ile nilipotoka chumbani nilikuta meza. Sikuwahi kujua kwamba nyumba ile ina meza. Ilikuwa imefunikwa kitambaa, na juu yake sahani yangu peke yangu, kijiko, maji ya kunawa kwenye jagi, na samaki mzima. "Mtaalamu, chakula tayari," akasema Mama Zuhura, kwa upole, akarudi jikoni kula chake. Ikawa hivyo kila siku. Sikuitwa Edina mwanangu tena. Nikichukua jembe alinipokonya taratibu, "Pumzika, mtaalamu, wewe una kazi zako." Kwenye mfereji hakuja tena kuniita. Hakunifanyia ukali hata mara moja, alinipa heshima zote anazostahili mgeni, na nilikula peke yangu kwenye meza ile hadi mavuno, nikiwasikia yeye na Mama Atu wakizungumza upande wa pili wa ukuta kwa sauti ya chini nisiyoweza kuidaka. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimefiwa, nimeachika, nimehamishwa vituo nisivyovijua. Sijawahi kuwa mpweke kama kwenye meza ile, mbele ya samaki mzima.

Ajira niliipata. Fedha za kazi ya bakteria zilikwisha kabla ya msimu mwingine, na pakiti za unga mweusi hazikurudi tena pale nikiwa kituoni. Mimi nikapelekwa Igowole. Barabara kuu ya Mbeya na Iringa inapita kando ya bonde lile, na sijui nimepita mara ngapi, kwa mabasi na magari ya serikali, daima nikiwa na shughuli ya haraka kwenye mkoba pale tunapofika njia panda ya kuingia kijijini. Mara mbili nilinunua zawadi, nikarudi nazo nyumbani. Kanga za mara ya pili ndizo nilizovaa kwenda msibani.

Nilifika wameshazika. Wanawake walikuwa sebuleni, wamekaa kwenye mikeka, na wengi hawakunijua. Niliwasalimu kwa salamu ya kule, "Kamwene", wakaitikia. Zuhura alinijia, mwanamke wa umri wangu, mwenye mikono ya mtu aliyepika maisha yake yote, akanikalisha kando yake. Upande wa pili alikuwa Mama Atu, amekonda, meno yamebaki machache, macho yana ukungu. Ilibidi atajiwe jina langu mara mbili. "Aah," akasema. "Binti wa rula."

Nilikuwa nimejipanga kusubiri, kumvuta Zuhura pembeni siku nyingine. Lakini nimeshasubiri sana, na nilijua nikitoka mle ndani bila kusema sitasema tena. Kwa hiyo nilisema pale pale, mbele ya wote, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri. Nikasema kwamba mwaka ule nilimsingizia. Kwamba hakuelezwa kitu kuhusu yale majaruba matatu, aliuliza na mimi sikumjibu, na bosi aliponiuliza nikadanganya kuokoa kazi yangu.

Zuhura alitazama mikono yake. "Aliniambia," akasema. "Miaka ya kwanza gari lolote la kilimo likiingia alikuwa anatoka nje kuangalia nani anashuka. Anasema, ni mtoto yule, aliogopa, atakuja aseme. Baadaye akaacha kutoka." Hakulisema kwa kunilaumu. Alikuwa ananieleza tu, na mimi nikalipokea nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu hapakuwa na pa kulirudisha.

Mama Atu akanigusa goti, akauliza pole pole, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Kwa hiyo yeye hakuambiwa?"

"Hakuambiwa, mama."

"Kwa sababu mimi nilikuwepo pale ghalani. Nilicheka." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na toka siku ile hapa kijijini jina lake ni Mkaidi. Si kwa ubaya, ni utani tu. Mkaidi, umeamkaje. Mkaidi, twende mfereji. Hata mradi ukija wakiandika majina, watu wanasema, huyo mruke, haelekezeki. Juzi hapa nimemletea uji kitandani, nikamwambia, Mkaidi, kunywa." Akanitazama na yale macho yake yenye ukungu. "Na alikuwa anaitika."